Neno la Kusindikiza

Walikuwa wameshaupita mstari wa mwisho wa shamba la karanga Mzee Magoha alipohamisha mkoba wa mgeni kutoka bega la kulia kwenda la kushoto, akakohoa. Kalunde akajua neno linakuja.

Alikuwa ameshaagwa. Alikuwa amekula kuku, akawekewa firigisi juu ya mnofu kwa heshima ya ugeni, akanawa, akashikana mikono na watu arobaini na mmoja. Kile kisanduku alichokuja nacho alikifunga kwa kiganja chake mbele ya wote, taa yake ikazima, kikatiwa mkobani. Treni ingepita saa saba mchana. Treni za miaka hiyo hazikuwa na dereva wa kumpungia mkono akusubiri. Zilisimama dakika mbili, zikaondoka, uwe umepanda, uwe umebaki.

"Mwalimu," akasema Mzee Magoha.

"Naam, baba."

"Lile jambo la asubuhi."

"La kuhamia relini."

"Hilo hilo. Hatulitaki."

Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, wala hakupunguza mwendo. Alikuwa na miaka sabini na minne, mkuu wa warina asali wa Ilomelo, na mkoba ule aliubeba kana kwamba ndani yake mna pamba.

"Mbona ndani mmesema ndiyo?"

"Ndani ulikuwa mgeni wetu. Nikukatalie mnofu ukiwa mkononi? Wewe umelelewa wapi?"

Kalunde akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Amelelewa Urambo, si mbali na hapo. Mama yake naye alikuwa hasemi la moyoni mgeni akiwa amekaa. Alingoja wafike njiani, wawili tu, kila mtu akitazama mbele, ndipo akasema: yule binti hatutamtoa; yule ng'ombe si wa kuuza. Na mgeni alipokea bila kinyongo, kwa sababu neno la njiani halimwaibishi mtu. Halina wa kulishuhudia.

"Nyuki wetu wana mizinga ya magome kwenye msitu wa mashariki toka enzi za babu wa babu zetu," Mzee Magoha akaendelea. "Kila ukoo unajua miti yake. Hicho kisanduku chako kinasema tuunganishe vijiji vinne, tukae mstari mmoja kando ya reli, asali ichujwe pahali pamoja, msitu upumzike miaka ishirini. Sikatai, kimepiga hesabu vizuri. Lakini mtu akishatolewa msituni miaka ishirini, atakayerudi si yeye. Ni mtoto wa relini."

Wakafika kwenye kichuguu kikubwa chekundu. Hapo ndipo watu wa Ilomelo huishia kusindikiza. Akamkabidhi mkoba kwa mikono miwili.

"Nifikishie hilo neno huko," akasema. "Safari njema, mwanangu."

*

Huko neno hilo lilikokuwa lifike, lilikuwa halina pa kuingilia.

Mtambo uliotunga ushauri wa kisanduku uliitwa Mzani, na makao yake yalikuwa katika taasisi moja ya utafiti mjini Tabora. Haukuwa mtambo wa kutoa amri. Waliouunda walikuwa watu wazuri na waliapa kwamba mashine haitamwamulia mtu, itamsaidia kuamua. Kwa hiyo ulifanya kazi hivi. Kwanza Mzani ulikusanya habari zote za biashara ya mahali: mvua, mavuno, bei, barabara, magonjwa. Kisha ukatunga ushauri. Halafu ukawafundisha wenyeji sababu za ushauri huo, somo kwa somo, kwenye simu zao, kila mtu kwa wakati wake, hata akiwa anachunga. Mwisho wa somo kulikuwa na maswali matano. Aliyepata matatu alihesabika ameelewa, na kiganja chake juu ya kisanduku kilihesabika kuwa ridhaa. Bila ridhaa hakuna jambo lililofanyika. Sheria ilisema hivyo, na sheria hiyo ilifuatwa.

Tena kila ridhaa ilirudi ndani ya Mzani ikawa funzo. Watu wakisema ndiyo kwa ushauri wa namna fulani, Mzani ulijifunza kwamba watu wa namna hiyo hupenda ushauri wa namna hiyo, na mara nyingine ukawapa zaidi. Vikao vilikuwa vimefika elfu arobaini. Vyote vilifungwa ndani ya nyumba, kabla ya kuagana.

Kalunde alikuwa mkusanya ridhaa kwa miaka kumi na mmoja. Shule yake ilikuwa ya vipande: darasa la saba, mwaka mmoja wa ualimu wa chekechea, na masomo matatu ya biashara aliyofundishwa na Mzani wenyewe kwenye simu akiwa safarini. Ndio maana vijijini wakamwita mwalimu. Amesindikizwa katika vijiji vingi hata majina ameyasahau. Miaka ya mwanzo, kila neno la njiani aliliandika akifika kituoni, katika sehemu ya fomu iliyoitwa "maoni mengineyo." Hakuna aliyemwuliza habari za maoni hayo. Mwaka wa tatu akaanza kuandika kwa ufupi. Mwaka wa tano akaandika "hakuna." Na vijiji viwili alivyoviandikia "hakuna" vilikuwa vimeshahamishwa.

"Mama, karibu," akasema Dokta Lwitiko, akimwondolea mafaili kwenye kiti. Alikuwa mtafiti msimamizi wa Mzani, kijana wa Mbeya, miaka thelathini na sita, macho mekundu kwa kutazama vioo vya kompyuta. "Ilomelo imekaaje?"

"Asilimia tisini na saba."

"Aa, safi sana. Na hao watatu walipinga?"

"Si watatu, ni mtu mmoja. Alikuwa amesinzia."

Dokta akacheka. Kalunde hakucheka. Akamweleza lote, kuanzia firigisi mpaka kichuguu. Dokta akasikiliza mpaka mwisho, kalamu ikiwa imesimama hewani.

"Mama," akasema taratibu, "unaniambia ndiyo za vikao elfu arobaini ni adabu tu?"

"Si zote. Lakini ndiyo, ndivyo ninavyokwambia. Ulitaka nikwambieje?"

"Ungeniambia mwaka wa kwanza!"

"Nilikwambia. Maoni mengineyo."

Dokta akainuka, akaenda dirishani, akarudi. "Kwetu nako," akasema, kama anayejisemea, "bibi yangu alikuwa anasindikiza wageni mpaka mtoni. Akirudi amekasirika au anaimba. Tulikuwa tunajua habari ya siku kwa namna alivyorudi." Akakaa. "Nimesoma miaka yote hiyo, sikuwahi kulifikiria."

"Sasa sitisha. Siku tisa zimebaki kabla muhuri wa uhamisho haujapigwa."

"Nisitishe kwa nini? Kwa kuwa mama Kalunde amesikia? Mzani unajua kilichoingia kwenye kisanduku tu. Kusikia kwako hakuna mahali. Nikisimamisha kwa mkono bila ushahidi, kesho mwenye shamba kubwa naye atanipigia simu kwamba amesikia." Akapangusa uso. "Lakini ikirekodiwa, mama... Ikirekodiwa hata mara moja, sauti ya mkuu wao akisema hapana baada ya kusema ndiyo, sheria yenyewe inasimamisha. Na vile vikao vingine vyote itabidi virudiwe."

"Njiani hakurekodiwi."

"Wameshatia kiganja kwenye fomu ya jumla. Inasema kisanduku kinaweza kusikiliza 'muda wote wa ziara.'"

"Hiyo fomu niliwasomea mimi. Walisema ndiyo wakati chai inaiva."

Dokta akachukua kisanduku, akakigeuza. "Ukiweka kiganja, bana kidole gumba hapa pembeni. Taa inazima, sikio linabaki wazi." Akakiweka mezani katikati yao. "Sikulazimishi. Na ujue, kinachoingia hakikatwi. Rekodi ikipunguzwa hata sentensi moja inahesabika imeghushiwa. Ni yote au si chochote."

"Na baadaye? Mkishajua kuwa la kweli linasemwa njiani?"

Dokta Lwitiko hakuwa mwongo. "Baadaye tutasikiliza njiani," akasema.

*

Siku ya saba Kalunde akarudi Ilomelo kwa kisingizio cha somo la marudio.

"Mwalimu!" Nzila akapaza sauti toka jikoni, mwanamke mwenye ulimi, mjane, mwenye mizinga mingi kuliko wanaume watatu. "Safari hii umetuletea somo au umefuata kuku?"

"Nimefuata kuku, dada. Somo ni kisingizio."

"Afadhali umesema kweli. Wenzako wanajidai hawali."

Wakacheka, wakaingia, wakakaa. Kalunde akaweka kisanduku katikati, taa ikawaka kijani. Alikuwa amejiapiza njia nzima kwamba atawapa nafasi. Wakisema humu ndani, mbele ya taa, basi hatahitaji kidole gumba.

"Jamani," akasema, "leo sitaki ndiyo. Nimezisikia nyingi, zimenitosha. Leo nataka anayepinga. Asiyetaka kuhama, asione haya, sitakasirika. Anyooshe mkono."

Nje jogoo akawika, pengine akijua zamu yake. Kalunde akangoja. Hatimaye mkono mmoja ukanyooka nyuma, wa Mihambo, mzee mwenye magoti mabovu. Kalunde akakisogeza kisanduku upande wake.

"Mimi napinga," akasema Mihambo.

"Sema, baba. Sema kwa sauti kisikie."

"Napinga mgeni kukalishwa kwenye kigoda kibovu. Aletewe kiti."

Wote wakaunga mkono. Kiti kikaletwa.

"Jamani, nawaombeni," Kalunde akasema. "Keshokutwa muhuri unapigwa. Lori zitakuja. Mnanielewa?"

"Tumeelewa, mwalimu," wakajibu. Mama Sizya, mke wa Mzee Magoha, akaingia na sinia, akapiga goti, akasema, "Umetoka mbali, mwanangu. Umechoka. Kula kwanza."

Na Kalunde alikuwa kweli amechoka. Hakuchoka na hao watu, wala hakuwadharau. Aliwatazama wakimega ugali wa muhogo, akaona kwamba kumkatalia yeye hapo ndani kungekuwa kwao kama kumvua nguo mama yao hadharani. Na kwamba walikuwa na imani, imani kamili, kuwa neno limeshafika. Si walimtuma? Si alipewa njiani, kwa mikono miwili? Kuhama kwao kulikuwa ni habari ya watu wa mjini iliyokwisha jibiwa. Hawa hawakuwa wakingoja lori. Walikuwa wakingoja msimu wa kurina.

Akanawa. Akaweka kiganja juu ya kisanduku. Akabana kidole gumba pembeni. Taa ikazima.

Mzee Magoha akauchukua mkoba, akautia begani.

*

Alisema mengi zaidi ya mara ya kwanza. Labda kwa kuwa sasa walikuwa wamezoeana.

"Umetusumbua leo," akaanza. "Unalazimisha watu kukosa adabu. Nilikwambia siku ile, hatuhami. Ulifikisha?"

"Nilifikisha, baba. Hawakunisikia."

"Basi waambie tena. Hatuhami. Mimi, na Nzila, na wale wa bondeni wote." Akatembea hatua kadhaa. "Mihambo angehama. Magoti yanamuua, na relini kuna zahanati. Lakini anaogopa tutamwona msaliti, kwa hiyo anapinga vigoda."

"Baba, si lazima unieleze ya..."

"Na mama Sizya naye." Akaushusha mkoba kidogo, akaupandisha. "Hajaniambia. Hawezi kuniambia. Ila naona anavyouliza habari za treni. Mtu anamaliza kufua beseni la nguo anauliza, eti treni ya leo ilikuwa na watu? Miaka hamsini nimekaa naye. Anataka kwenda kukaa karibu na binti yetu. Na mimi najifanya sielewi, kwa sababu nikielewa itabidi nijibu. Ndivyo nilivyo. Nampenda, lakini nyuki nawajua zaidi."

Kalunde akasimama. Mzee naye akasimama. Walikuwa wamebakiza kama hatua thelathini kufika kichuguuni.

"Kiko wazi," akasema Kalunde.

"Nini kiko wazi?"

"Kisanduku. Hapo begani. Kinasikia. Kimesikia tangu mlangoni."

Mzee Magoha hakupiga kelele. Aliugeuza uso kuutazama mkoba, kama mtu anayehisi mdudu na hajui ni wa kuuma au wa kupita tu.

"Ulitaka kutusaidia," akasema.

"Ndiyo."

"Kwa maneno yangu."

"Yangu hayana uzito huko, baba. Kisichopita humu hakipo. Naweza kukifuta sasa hivi, nikikibonyeza hapa yanapotea yote. Lakini nikifuta, keshokutwa lori zinakuja, na ndiyo yenu ya leo ndiyo itakayosomwa. Siwezi kufuta nusu. Niambie nifanyeje."

"Unaniuliza hapa," akasema mzee, "au unaniuliza ndani?"

Hapo walipokuwa palikuwa pahali pa kweli dakika moja iliyopita; sasa palikuwa na mtu wa tatu, na mtu wa tatu huyo yeye Kalunde ndiye aliyemleta. Lolote ambalo mzee angejibu lingekuwa jibu la sebuleni.

Mzee akamaliza zile hatua thelathini. Kwenye kichuguu akaushusha mkoba. Hakumkabidhi. Aliuweka chini, mavumbini, akajipangusa bega.

"Mimi nimeshasindikiza," akasema. "Safari njema, mwalimu."

Akageuka. Kalunde akabaki na mkoba miguuni. Alijua jambo moja kwa hakika, kwamba kama angefuta, kijiji kingehama kikiwa na adabu zake zote, na hakuna ambaye angemlaumu yeye. Angeandika "hakuna." Alikuwa na mazoea nalo neno hilo. Akafikiria vile vijiji viwili. Akafikiria sinia, na goti la mama Sizya likigusa sakafu.

Treni ikasikika. Akaokota mkoba, akakimbilia kituoni, akaingia behewani, akakaa, na kabla milango haijafungwa akaituma rekodi yote.

*

Muhuri haukupigwa. Sheria iliyosimamisha uhamisho ilitaka rekodi isomwe mbele ya wanakijiji, neno kwa neno, nayo ikasomwa, asubuhi, sebuleni kwa Mzee Magoha, kisanduku kikiwa katikati na taa ya kijani. Mihambo alisikia habari ya magoti yake. Mama Sizya alisikia yote, kisha akaenda kutazama maji jikoni.

Ilomelo haikuhama. Mizinga ya magome bado iko msitu wa mashariki. Vikao elfu arobaini vilifutwa, na vile vijiji viwili vilivyohamishwa viliulizwa upya: kimoja kikarudi, kingine kikakataa kwa sababu watoto walishazoea shule ya relini. Mihambo alihamia relini peke yake mwaka huohuo, hakuaga. Nzila ndiye mkuu wa warina asali sasa.

Dokta Lwitiko aliandika utafiti wake juu ya jambo hilo, akapewa uprofesa. Visanduku vya toleo jipya husikiliza mpaka kituoni. Kwa mwaka mmoja vilileta habari nyingi za kweli. Mwaka wa pili vikaanza kuleta ndiyo za asilimia tisini na saba njiani, kama zamani ndani.

Mzee Magoha alifariki mwaka wa pili, mwanzoni mwa msimu wa kurina. Mama Sizya alikaa arobaini, akafunga vyombo, akahamia kwa binti yake relini.

Kalunde aliacha kazi, yuko Urambo, anafuga kuku. Alikwenda matanga ya Mzee Magoha bila kisanduku, akafungua mkoba wake mlangoni, akawaonyesha wote kwamba hakimo. Wakamkaribisha vizuri. Wakamchinjia, wakamwekea firigisi juu ya mnofu. Alipoaga, mama Sizya alimshika mikono yote miwili, akamwambia, karibu tena, mwanangu, karibu sana, na wengine wote wakasema hivyohivyo, wakiwa wamesimama mlangoni.

Akabeba mkoba wake mwenyewe hadi kituoni. Treni ilifika saa saba.